Chura wa Mjukuu wa Julienne

“Tantine, ulimusamehe kweli?”

Falonne Musonda aliulizwa swali hilo na mtoto wa dada yake, aliyekuwa sixième primaire, darasa la sita, wakati ule na ndiye anayeandika habari hii. Tantine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliongeza nguvu ya mchi mpaka mtoto akaelewa kwamba jibu la siku ile ni hilo twanga-twanga, akaenda zake.

Aliyetakiwa kusamehewa ni Julienne, dada wa baba yake Falonne, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi. Na kosa lenyewe lilianza na chura.

Falonne alipokuwa mtoto, familia ilikaa Naviundu, katika lupango wa babu yao, ule ua wa nyumba za ukoo. Mvua za kwanza zilipoanguka, vyura wanene walipanda kutoka mtoni, naye akamchukua mmoja akamweka kwenye beseni nyuma ya jiko. Alimwita Bourgmestre, kama meya, kwa ajili ya lile tumbo na kwa sababu hakuwa na haraka na mtu yeyote. Alimlisha panzi na kumbikumbi. Chura alimzoea, akisikia nyayo zake, anageuka.

Mwaka mmoja uvimbe ukamwota Bourgmestre mgongoni, mdogo kama punje ya haragwe, kisha ukakua. Mwaka huo huo baba akaanza kukohoa. Shangazi Julienne hakuwa mtu wa kuona mambo mawili katika lupango mmoja akayaacha yakae mbalimbali. Alikuja na mikono inayonuka samaki, akainama juu ya beseni, akautazama ule uvimbe muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba pumzi ya kaka yake imefichwa mle ndani, na aliyeificha ni Bwalya.

Bwalya ndiye mama yake Falonne.

Kikao kikaitwa. Wanaume wakakaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Julienne akasema, wengine wakaitikia. Chura akamwagiwa chumvi ya makayabu, ngozi ikamtoka ute mweupe. Kisha mafuta ya taa, kisha kiberiti. Bwalya akatolewa nje na mfuko mmoja wa nguo na binti zake wawili. Mume wake alitazama miguu yake mwenyewe. Alikufa baadaye kwa kikohozi kile kile. Chumvi haikumsaidia kitu, wala hakuna aliyeita kikao kingine kuuliza kwa nini.

Mama na watoto wakahamia Luano, upande wa uwanja wa ndege. Bwalya alishona uniforme za shule, na alishona vizuri. Lakini neno la uchawi lina miguu kuliko mtu. Lilifika Luano kabla mashine yake ya kushona haijapata meza. Akienda kuchota maji, wanawake wanasogeza ndoo zao pembeni, polepole, kwa heshima, kama vile wanampisha mkubwa. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wamtukane, angejibu.

Falonne aliziona zile ndoo zikisogea miaka yote ya utoto wake. Wengine wanakua kwa bukari, ugali wetu. Yeye alikua kwa hilo. Aliapa kwamba siku moja atapasua uvimbe wa chura mbele ya ukoo mzima, auweke kwenye sahani, kila mtu aone kwamba ndani hamna pumzi ya mtu. Kisha Julienne ampake Bwalya pemba.

Pemba ni ule udongo mweupe. Katika familia yao, aliyemsingizia mwenzake anampaka pemba kwenye mikono mpaka viwikoni, mbele ya wote, katika lupango ule ule neno liliposemwa. Halafu anaramba kidogo kile kilichobaki kwenye vidole vyake. Hapo neno limemezwa. Lililomezwa halitapikwi tena, hata wajukuu hawaruhusiwi kuligusa.

Basi akasoma udaktari wa wanyama. Wenzake waliwaza ng'ombe wa mashamba makubwa na mbwa wanaolinda migodi. Falonne aliuliza habari za vyura mpaka wakamchoka. Alipomaliza, hakutafuta kazi mjini kati. Alikwenda kufungua chumba chake cha matibabu Naviundu, kati ya fundi wa matairi na mama wa makala, yule muuza mkaa, mahali ambapo shangazi yake akitoka sokoni lazima apite. Alitaka aonekane. Kila jioni Julienne alipita na beseni lake la makayabu kichwani, shingo wima, na kila jioni Falonne alisimama mlangoni kumsalimia kwa sauti tamu.

“Shangazi, bado tunaishi.”

“Mungu iko,” anajibu Julienne, haongezi neno.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mbwa, mbuzi na kuku. Vyura walikuwa wachache, lakini walikuwepo: watoto wa siku hizi wanaona mambo kwenye simu, wanataka kufuga kila kinachotambaa. Wa kwanza kuja na uvimbe alikuwa chura wa Dorcelle, binti wa wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini, wenye malori ya maharagwe. Baba yake alibaki ndani ya gari. Hakutaka kuonekana anamleta chura hospitali. Dorcelle akaingia na ndoo amefunika kwa kitambaa cha kanisani.

Falonne alifanya kazi ile kama anavyotandika kitanda mtu anayengoja mgeni. Alivaa glavu akazilowesha kwanza, maana ngozi ya chura ndiyo pafu lake la pili na kitu kikavu kinaichuna. Alimweleza Dorcelle kwamba uvimbe wa chura usiusadiki kwa macho. Unaweza kuwa jipu. Unaweza kuwa kifuko cha mnyoo, au ukungu, au ugonjwa wa vidudu vinavyojijengea vinundu chini ya ngozi. Au unaweza kuwa uvimbe kweli, nyama iliyosahau kuacha kukua. Ndiyo maana sindano nyembamba inaingia kwanza, inavuta tone, tone linapakwa kwenye kioo, linatazamwa kwa darubini. Kisha ndipo kisu.

Tone lile lilionyesha nyama. Akamlaza chura kwenye maji yenye dawa ya usingizi, ile wanayotumia kwa samaki, akiwa ameipoza ukali kwa bicarbonate. Chura akalegea, koo likaacha kupiga, ila moyo ulionekana unadunda chini ya kifua. Akaukata uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuuzunguka, asiache mzizi, akashona kwa uzi mwembamba, na muda wote akawa anamdondoshea maji safi mgongoni. Hakupaka sabuni wala iode ya vidonda. Kwa chura hizo ni moto. Maabara iliyopelekewa kipande ikajibu kwamba ulikuwa uvimbe usio mbaya. Chura akapona, Dorcelle akamletea daktari keki.

Uvimbe wenyewe Falonne aliuweka ndani ya chupa yenye formol, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, akaiweka juu ya kabati. Wateja waliuliza ni nini. Alisema ni mgeni anayemngoja shangazi yake.

Na shangazi akaja. Jioni moja hakupita tu kama kawaida. Alisimama, akatua beseni, akaingia. Mkononi alikuwa na kikapu cha plastiki, na ndani ya kikapu chura.

Kumbe mjukuu wake Graciella, aliyeachwa kwake na wazazi walioko Kolwezi, alikuwa anafuga. Alianza kwa kulia mpaka akakubaliwa, na bibi ambaye hakuwahi kumnyima kitu akaishia kuosha beseni la chura mwenyewe, kila asubuhi kabla ya soko. Chura wa mtoto wa mwenzako ni uchawi. Wa mjukuu wako ni mtoto wa nyumba. Sasa chura huyo alikuwa na uvimbe mgongoni, karibu mahali pale pale alipokuwa nao Bourgmestre.

Julienne aliongea akitazama sakafu. Mtoto hakuli. Mtoto analia. Banasema chura ya Dorcelle ulikata, ikapona.

Falonne aliuangalia uvimbe. Alifurahi, nasi tuseme ukweli, haikuwa furaha nzuri.

“Shangazi, ndani ya hii uvimbe muko nini?”

Julienne akasogeza kikapu mbele.

“Sema. Pumzi ya nani?”

“Falo, mi nilikuja juu ya mutoto.”

“Na mi nilikuwa mutoto.”

Nje fundi wa matairi alikuwa anagonga chuma. Falonne akasema masharti yake. Atakata, lakini Naviundu mle mle, katika lupango wa babu, Jumapili baada ya misa, ukoo ukiwa umekaa. Na kabla jua halijashuka, pemba. Julienne akaitikia kwa kichwa, akamwacha chura mle chumbani. Alipochukua beseni lake, Falonne aliona kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa, akafikiri ni mwiba wa makayabu, akafurahi kidogo hata kwa huo mwiba.

Hapo ndipo alipokosea. Yeye aliyemfundisha Dorcelle kwamba macho hayatoshi, alisahau sindano. Alikuwa amengoja uvimbe miaka mingi kiasi kwamba ulipoletwa mlangoni aliusadiki kama muumini. Habari zikatumwa. Mjomba Kalaba, mkubwa wa ukoo, akaahidi kuja kutoka Kipushi. Ndugu wakanunua vinywaji.

Jumamosi asubuhi alitayarisha vyombo, na mkono wake uliozoea kazi ukachukua sindano wenyewe, ukaichomeka kwenye uvimbe. Kilichotoka hakikuwa nyama. Kilikuwa kitu cheupe, kizito, kama jibini iliyoharibika. Akakipaka kwenye kioo, akakitia rangi ile nyekundu wanayotumia kutafuta kifua kikuu, akainamia darubini. Vijiti vyekundu, vingi, vimelaliana.

Hakikuwa uvimbe wa kukata. Ni vile vidudu vya majini, ndugu wa mbali wa kifua kikuu, vinavyojenga vinundu katika ngozi ya chura na samaki. Dawa yake kwa chura haina maana, atawaambukiza wengine tu. Na vikikuta mkono wa mtu una kidonda, ndani ya maji ya beseni, vinaingia. Vinakaa kwenye kidole, vinapanda polepole kuelekea kiwiko.

Kidole cha shahada. Kitambaa.

Falonne akakaa kwenye kiti cha wateja. Kesho akikata na kuonyesha sahani, nani atajua? Ukoo mzima hauna darubini. Mama atapakwa pemba, na kidole cha Julienne kitaendelea kuvimba, wala hakuna mganga wa soko atakayejua ni nini mpaka kioze. Kisasi kilikuwa kimejipika chenyewe, kilibaki kupakuliwa. Na akisema ukweli, atasimama mbele ya watu wale wale na kuwaambia kwamba chura mwenye kinundu ameleta ugonjwa nyumbani. Maneno ya Julienne yale yale. Jambo jingine likamchoma zaidi: Bourgmestre aliungua na kinundu chake. Hakuna atakayejua kamwe kilikuwa kitu gani.

Mchana akaenda Luano. Mama yake alikuwa anapiga pasi liputa la kijani, kitenge alichokitunza tangu harusi ya binti yake mkubwa. Falonne alikusudia kumwambia, akashindwa kuanza. Badala yake akamuuliza nini anachotaka hasa kesho: Julienne alie, apige magoti, nini?

Bwalya akageuza liputa upande wa pili.

“Kulia kwake nitakupeleka wapi? Mi nataka tu kwenda kuchota maji ku robinet, ndoo za bantu zikae mahali zinakaa.”

Falonne alirudi Naviundu akiwa na jibu hilo peke yake.

Jumapili lupango ulijaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, kama zamani. Bwalya alikaa katikati na liputa lake, mikono juu ya magoti. Julienne alikuwa mbele yake na sahani ya pemba iliyolowanishwa. Graciella alikumbatia kikapu cha chura, alichorudishiwa. Mjomba Kalaba alifungua kikao kwa utani kwamba amewahi kuhukumu kesi za wake, mashamba na baiskeli, ila ya chura, hii ya pili, anaomba isiwe na ya tatu.

Falonne hakutoa kisu. Alitoa chupa. Akaeleza kwamba huu ni uvimbe wa chura wa mtoto mwingine, aliukata mwenyewe, chura yu hai na anakula. Chupa ikapita mkono kwa mkono. Bibi mmoja akaitikisa sikioni asikie kama kuna kitu kinaongea. Mwingine alisema inafanana na firigisi. Ilipofika kwa Kalaba, akaigeuza juu chini, akakubali kwamba ni nyama.

“Na ile ya Graciella?” akauliza. “Tulikuja kuona ile.”

“Ile nitaisema, Mjomba. Pemba kwanza.”

“Kisha pemba utakata?”

“Kisha pemba nitasema yote. Mbele ya pemba kupakwa, sisemi hata neno moja.”

Kalaba alimtazama kwa jicho la mzee anayenusa mtego bila kuuona. Ndugu wakanong'ona. Lakini Graciella alianza kulia, akimsihi bibi yake afanye haraka, na Julienne, ambaye angeweza kubishana na ukoo wote mpaka giza, hakuweza kubishana na mtoto huyo. Akachovya vidole. Akampaka Bwalya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka viwikoni. Kitambaa cha kidole kikageuka cheupe.

“Bwalya,” alisema, “neno nililosema juu yako hapa, nililitoa mu mudomo yangu peke yangu. Leo nalimeza.”

Akaramba. Falonne alingoja, alitaka udongo ukauke. Aliutazama unavyogeuka kutoka kijivu kuwa mweupe kabisa kwenye mikono ya mama yake, taratibu, na hakumhurumia mtu yeyote katika lupango ule.

Ulipokauka, akasema, “Shangazi, fungua kile kitambaa.”

Kidole kilikuwa kimevimba, cha zambarau, na kinundu kingine kimeanza nyuma ya kiganja. Falonne akaeleza kila kitu: sindano, vijiti vyekundu, maji ya beseni, mikono iliyochanwa na miba ya samaki. Akamwambia kesho watakwenda pamoja kwa daktari wa watu, na akishika dawa bila kuruka, kwa miezi, atapona. Akiiacha, mkono unaweza kuharibika.

Mikeka ikachemka. Kalaba akapiga fimbo chini.

“Ngojeni. Basi Julienne alisema haki toka zamani. Chura ilileta ugonjwa.”

“Ililetea mukono wenye kidonda, Mjomba. Microbe haijui jina la muntu, haitumwi. Baba hakugusa beseni yangu hata siku moja. Mama pia hakugusa. Mimi njo nilikuwa naosha. Kama ile chura ilikuwa ya kuua, ingelinikamata mimi.”

“Ungelisema mbele ya pemba kupakwa.”

“Ningelisema mbele, mungelimupaka?”

Mabega ya Kalaba yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho. Alisema mtoto wa Bwalya amewafunga wote kamba moja kama mbuzi wa sikukuu, na kwamba neno limekwisha kumezwa. Mwenye kulitapika sasa atatoka yeye na mfuko wa nguo.

Julienne hakucheka. Alikuwa anatazama kidole chake na kikapu cha mjukuu, kwa zamu.

“Na chura?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Haiwezi kupona. Nitailalisha mu maji ya dawa, haitasikia kitu. Lakini Graciella utamwambia wewe.”

“Falo, nakuomba. Sema wewe, uko docteur.”

“Mi hakuna muntu aliniambia. Nilitoka shuleni, nikakuta majivu.”

Kwa hiyo bibi akamchukua mjukuu pembeni, karibu na ukuta wa jiko, akajikunja mpaka akawa kimo chake. Hakuna aliyesikia alichosema. Walimsikia mtoto. Falonne alivaa glavu, akazilowesha, akamteremsha chura majini, akasimama pale mpaka moyo ulipotulia chini ya ile ngozi. Julienne alibaki na mtoto mapajani, mkono mgonjwa ameuweka mbali asimguse, na kwa muda wote ule hakuna aliyemletea kiti.

Wiki iliyofuata Bwalya alikwenda kuchota maji na mikono bado ina weupe kwenye mikunjo. Alikataa kuiosha vizuri. Ndoo hazikusogea. Moja ilisogea, ya mama mgeni aliyekuwa anamwachia nafasi kweli, na ikabidi wengine wamtoe Bwalya wasiwasi.

Falonne alimpeleka shangazi yake kwa daktari, akasimamia dawa zote mwenyewe, mwezi kwa mwezi, mlangoni pale pale anapopita. Alimtolea vidonge mbele ya fundi wa matairi na mama wa makala, akamngoja ameze. Kidole kikapona, kikabaki na kovu na ukakamavu. Na tangu mwaka ule, kila sikukuu ya mwaka mpya Julienne anapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Luano kumsalimia Bwalya. Analeta makayabu mazuri. Anakaa kwenye kigoda cha chini, Bwalya kwenye kiti chenye mgongo, na mazungumzo hayajai kikombe.

Mwaka huu aliyeuliza swali yuko troisième des humanités, katikati ya sekondari, na alitumwa pamoja na Tantine Falonne kumsindikiza mzee mpaka barabarani. Pikipiki ilipoondoka naye, ndege moja ikapita chini, ikabidi wangoje kelele iishe. Hapo swali likarudiwa, kwa sauti ya mtu mkubwa sasa: siku ile alipokifungua kile kidole badala ya kukiacha kioze, alikuwa amesamehe?

Falonne akamfuata Julienne kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

“Hapana. Nilitaka aishi. Muntu akikufa, haya yake inazikwa naye, na mama yangu angelibaki kusalimiwa na nani?”